Suti ya Kupimwa Mara Moja

Kijana ninayemsimulia hapa ni mtoto wa jirani yangu, na ameniruhusu nieleze mkasa wake kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Ni mtu makini. Anafanya kazi ya uhasibu, na hanunui hata pasi ya umeme kabla hajazunguka maduka matatu kulinganisha bei. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu ukisikia mtu kaharibiwa suti ya harusi, jambo la kwanza unalojiambia ni kwamba wewe usingefanya ujinga huo. Mimi nilimsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, na karibu kila alipopita yeye niliona ningepita vilevile, tena kwa kujiamini.

Sababu yake ya kutaka kushonewa ilikuwa nzuri. Ana mabega mapana, mikono mirefu na kiuno chembamba. Koti la dukani likimkaa mabegani, tumboni linampwaya; suruali ikimkaa kiunoni, mapajani inambana hadi mifuko inatoa ulimi. Si yeye mwenye kasoro. Suti nyingi za dukani hufungashwa koti na suruali pamoja, na kiuno cha suruali hiyo huwa pungufu ya kifua cha koti kwa inchi 6 hivi. Kwake tofauti ni inchi 10. Hakuna namba ya dukani iliyomfikiria mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana nasema mapema kwamba kuamua kushona hakukuwa kosa. Kosa liliingia baadaye, kidogo kidogo, na kila lilipoingia lilipiga hodi kwanza.

Hodi ya kwanza ilisikika Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Alikwenda kununua kitambaa yeye na rafiki yake aliyekuwa awe msimamizi wake wa harusi. Muuzaji akawatolea jora la rangi ya bluu iliyokolea, akalikunjua juu ya kaunta, akawaonyesha ukingoni maandishi ya Kiingereza yaliyofumwa kwa uzi wa dhahabu: sufu safi, namba 150, imetengenezwa Uingereza. Bei, Sh 60,000 kwa mita. Wakapatana mita tatu na nusu, ambazo ndizo zinazotosha koti na suruali kwa kitambaa cha upana wa mita moja na nusu. Jumla Sh 210,000.

Yeyote anayeshughulika na vitambaa angeshtuka hapo. Sufu ya kweli yenye nyuzi nyembamba kiasi hicho haiuzwi kwa bei hiyo, iwe Kariakoo au kwingine. Namba zile, 100, 120, 150, zinapima wembamba wa nyuzi za sufu tu, hazipimi uimara. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kitambaa kinavyokuwa laini, na ndivyo kinavyochoka na kujikunja upesi. Kwa hiyo hata kingekuwa cha kweli, kwa mtu atakayeivaa suti hiyo ofisini na ndani ya daladala baada ya harusi, namba 150 haikuwa ya kumfaa. Na maandishi ya ukingoni yasikutishe. Kiwanda chochote kinaweza kufuma maneno yoyote pembeni mwa kitambaa chake.

Kuna jaribio ambalo hata mtoto analiweza. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye ukingo, ziwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto wake unazimika wenyewe, na majivu yake ukiyafikicha yanakuwa unga. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na inapopoa inabaki tone gumu lisilopondeka. Muuzaji mwaminifu hawezi kukukatalia nyuzi mbili. Yule alikataa. Alisema, "Kaka, jora zima nitalichoma kwa wateja?" Wote wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichopitisha biashara. Kitambaa kilikuwa poliesta iliyochanganywa na viskosi. Si kitambaa kibaya, watu wengi wanakivaa na kinapendeza, lakini kinauzwa kwa bei ya chini mno kuliko ile, na kwa joto la Desemba la Dar es Salaam kinamchemsha mtu.

Hata hivyo, kitambaa sicho kilichoiharibu suti. Ningekuwa na nafasi ndogo ningekiruka kabisa nikaenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi alipatikana kwa picha. Alikuwa na ukurasa mtandaoni wenye wafuasi wengi, na fremu yenye mlango wa kioo, sanamu mbili za plastiki zimevalishwa suti, kiyoyozi kinafanya kazi. Kijana wetu alipenda. Nani asingependa? Tumezoea kumkuta fundi barazani, cherehani ya miguu mbele yake, vipande vya nguo miguuni, na tukiona kioo na kiyoyozi tunadhani tumepanda daraja. Lakini zile picha mtandaoni zilikuwa na jambo ambalo alilitambua baadaye, alipozirudia kwa jicho jingine: karibu zote ni za sanamu, au za mtu aliyesimama wima akitazama mbele, mikono chini. Hakuna aliyekaa. Hakuna aliyeinua mkono. Hakuna aliyepigwa kwa nyuma. Koti linatazamwa mgongoni. Hapo ndipo kola inapoonekana kama imelala shingoni au imesimama mbali nayo, na ndipo mikunjo ya kitambaa kilichovutwa inapojitokeza. Fundi asiye na picha hata moja ya mgongo wa mteja hai anakuambia jambo.

Sasa kupimwa. Nilimwomba anisimulie taratibu, hatua kwa hatua, na nilijikuta nimeshika kichwa. Alipimwa akiwa amevaa shati la ofisini, amechomekea, mkanda kiunoni, simu na funguo mfukoni. Fundi alizungusha futi kamba kifuani, kiunoni, kwenye makalio, akashusha mkono, akashusha mguu, huku akizungumza na mteja mwingine aliyekuwa anangoja. Kijana aliposimama alijikaza kama askari wa gwaride, kama tunavyofanya wote tukipimwa, na fundi hakumwambia alegee asimame kama anavyosimama siku zote. Vipimo viliandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha boksi la vifungo. Jina la mteja halikuandikwa. Liliandikwa "bluu harusi".

Zaidi ya hapo kuna mambo ambayo hakuulizwa. Hakuulizwa atavaa viatu gani, na urefu wa suruali unategemea kisigino. Hakuulizwa kama bega moja limeshuka, na kwa mtu aliyebeba begi la kompyuta miaka sita upande mmoja, bega huwa limeshuka. Ukimtazama kwa nyuma unaliona. Hakuulizwa kama kuna gauni la bibi harusi au sare za wasimamizi zinazotakiwa kuendana na rangi ile. Yeye mwenyewe alitoa simu akaonyesha picha ya mchezaji mpira wa Ulaya aliyevaa suti iliyombana mwili mzima, akasema, "Nataka kama hii." Fundi akajibu, "Hamna shida, bosi."

Hilo jibu tulitazame kidogo. Mtu mwenye mapaja ya namna ile hawezi kuvaa suruali iliyombana hivyo na bado akapiga magoti kanisani. Fundi anayejua kazi angemwambia. Angesema, hapa tuache nafasi, hapa tushushe, picha hii imepigwa huku nguo imebanwa kwa pini nyuma. Kazi ya fundi ni pamoja na kukukatalia. Mama mdogo wa kijana, aliyeshona nguo za shule za watoto wa mtaa mzima kwa miaka mingi, alipoonyeshwa risiti aliuliza swali moja tu: "Alikukatalia nini?" Kijana akasema hakukataa chochote. "Basi mwanangu nenda kakichukue kitambaa chako mapema." Akamwona mama mdogo ni mtu wa zamani.

Bei ya kushona ilianza Sh 180,000. Kwa ile tabia yake ya kulinganisha, kijana akaishusha hadi Sh 140,000. Kisha fundi akamwambia akilipa yote siku ileile atampunguzia elfu kumi zaidi. Akalipa yote, akatoka amefurahi.

Hapa naomba tuelewane, kwa sababu wengi wetu tunapapenda mahali hapa. Tunatoa Sh 210,000 za kitambaa bila kupigizana sana kelele, halafu tunakwenda kubana kwenye mkono wa fundi, kana kwamba kitambaa kitajishona chenyewe. Fundi aliyebanwa anafanya hesabu zake. Ana kodi ya fremu na bili ya umeme, na ana vijana wanaolipwa kwa kipande. Akishushwa bei hapunguzi faida yake, anapunguza saa. Kazi iliyokuwa ifanywe na yeye inakwenda kwa kijana anayejifunza; kitu cha kushikiza kwa mkono kinabandikwa kwa gundi; kujaribisha kunafutwa. Simtetei fundi yule, ana dhambi zake na nitazieleza. Lakini mteja naye alinunua saa chache akidhani amenunua punguzo.

Na malipo yote yakishatolewa, mteja hana tena cha kushika. Nusu mwanzo, robo siku ya kujaribu, robo siku ya kuchukua: huo ndio utaratibu ambao mafundi wengi waaminifu wanaukubali bila kununa. Anayekuhimiza umalize yote leo kwa chambo cha elfu kumi, huenda ana kitambaa cha mtu mwingine anachodaiwa leo.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Harusi, Jumamosi ya pili ya Desemba. Fundi aliahidi wiki mbili. Mwenyeji wa mji huu anajua Novemba na Desemba zilivyo kwa mafundi: mahafali, kipaimara, sare za kamati za harusi, nguo za Krismasi za watoto, na kila mteja anaambiwa wiki mbili. Siku alipopeleka kitambaa, kijana aliona nyuma ya pazia mifuko ya rambo imerundikwa hadi usawa wa dirisha, mingi haina hata karatasi ya jina. Aliiona kwa macho yake. Akaitafsiri kuwa ni dalili ya fundi anayependwa.

Wiki mbili zilipoisha alipiga simu, akaambiwa koti limebaki vifungo. Akasema, "Basi nije kulijaribu kabla ya vifungo." Jibu alilopewa ndilo ninalotaka msomaji alikumbuke kuliko yote niliyoandika: "Usijali kaka, vipimo vyako ninavyo. Wewe unakuja kuchukua tu."

Ukishonewa suti, unachonunua hasa ni kule kujaribishwa. Futi kamba inaweza kusema kifua ni inchi 40. Haiwezi kusema kifua hicho kimetuna mbele au kimelala, mgongo umenyooka au umeinama, bega limepanda au limeteremka. Watu wawili wenye inchi 40 wanaweza kuhitaji makoti mawili yasiyofanana hata kidogo. Ndiyo maana fundi wa suti anayejua kazi hupiga bandi kwanza: anashikiza vipande kwa nyuzi ndefu zinazochomoka kirahisi, mara nyingi mkono mmoja umetiwa na mwingine bado, halafu anakuvisha. Anakuzunguka na chaki. Anakwambia ukae, uinue mkono, ujifanye unamsalimia mtu. Mkunjo ukitokea chini ya kola, anajua shingo ya nyuma ni ndefu, anaivuta. Mkunjo ukiteremka kutoka bega la kulia, anajua bega hilo liko chini, anapunguza upande mmoja. Kila mkunjo una sababu yake, na wakati huo bado unaondoka, kwa kuwa mishono haijafungwa na ndani umeachwa upindo wa kutosha kutanua.

Mtaa wa Savile Row jijini London unasifika kwa suti za namna hii. Umoja wa mafundi wa pale unataka kila suti ipate kazi ya mkono isiyopungua saa 50, na kwa kawaida mteja anaitwa mara mbili tatu kujaribu kabla ya kukabidhiwa. Sina haja na bei zao, wala sisemi fundi wa Kinondoni afanye saa 50. Nataka tu tuone kwamba watu wale, waliorithishana mkasi kwa vizazi, hawaviamini vipimo vyao wenyewe mpaka wavione juu ya mwili. Kwa nini basi mimi na wewe tumwamini mtu aliyeandika vyetu kwenye boksi la vifungo?

Kuanzia hapo hadithi ilikwenda mbio. Njoo Jumatatu. Njoo kesho jioni, umeme ulikatika. Simu haipatikani. Mke mtarajiwa akaanza kuuliza kila siku, na kila siku akajibiwa iko tayari. Bibi harusi mwenyewe gauni lake lilijaribiwa hadi mama zake wakachoka. Sijui kwa nini sisi wanaume tunaona haya kurudi kwa fundi mara ya pili. Wanawake wengi wa mjini wakisoma habari hii watacheka, maana wao hawatoki dukani kwa fundi kabla hawajavaa, wakageuka mbele ya kioo na kumwambia, "Hapa bado."

Suti ilitoka Alhamisi usiku, harusi Jumamosi.

Nililiona koti lile baadaye, limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake, na nikamwomba alivae. Kola ilisimama mbali na shingo kiasi cha kupitisha vidole viwili. Chini ya kola, mgongoni, palikuwa na mkunjo uliolala kutoka bega hadi bega. Alipoinua mkono kunisalimia koti zima lilipanda naye, na mpasuo wa nyuma ukafunguka. Mikono ilikuwa mifupi, ikaacha vifungo vya shati nje pamoja na saa. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kifua. Mbele, pande zote mbili, kitambaa kilikuwa na vijivimbe vidogo vidogo, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Ndani ya kifua cha koti huwekwa kitambaa kigumu kinacholipa koti umbo lake. Kwenye kazi ya juu kinashikizwa kwa sindano; kwenye kazi nyingi za siku hizi kinabandikwa kwa gundi na pasi, jambo ambalo si haramu likifanywa vizuri. Gundi duni, au pasi ya moto isiyolingana, huachia sehemu sehemu, na zile zilizoachia ndizo zinazovimba. Zikishavimba hakuna pasi inayozirudisha.

Usiku uleule wa Alhamisi alikuwa amerudi kwa fundi kuomba mikono irefushwe na mgongo utanuliwe. Fundi akafumua bitana kidogo, wakachungulia wote wawili. Ndani ya mshono pindo lilikuwa nusu sentimita. Kitambaa kilichobaki? Hakipo. Katika zile mita tatu na nusu, kwa suti iliyobanwa vile, kipande cha maana kilitakiwa kibaki, na mwenye mali hakukiulizia siku ya kwanza. Nguo ndefu hupunguzwa, fupi haina dawa kama hujaachiwa pindo. Fundi akaanza kusema kwamba mteja amenenepa. Mkono haunenepi kwa urefu.

Ijumaa asubuhi yeye na msimamizi wake wakaenda Ilala, soko la Karume, kwenye makoti ya mitumba. Msimamizi, ambaye sasa alikuwa amepata akili kuliko alivyokuwa Kariakoo, alimwambia wasitazame kiuno wala urefu wa suruali; watafute bega. Bega la koti ndiyo sehemu ngumu na ghali kurekebisha, kwa hiyo linalokaa begani ndilo la kununua, mengine fundi atayapunguza. Wakapata suti ya bluu, sufu ya kweli, kitambaa chepesi, Sh 55,000. Mama mdogo akawapeleka kwa mzee mmoja anayeshona barazani, cherehani yake ina umri mkubwa kuliko bwana harusi. Mzee akamvisha kwanza. Akambana kiunoni kwa pini, akachora chaki kwenye mikono, akauliza, "Viatu viko wapi?" Wakamtuma bodaboda akavilete. Saa kumi na moja jioni kazi ilikuwa imekwisha, kwa Sh 20,000.

Kwa hesabu ya kihasibu, Sh 340,000 zilizaa suti isiyovalika, na Sh 75,000 zikamwozesha mtu. Ukiishia hapo utasema kushonesha ni kupoteza fedha, na wapo wengi wanaosema hivyo. Mimi sikubali.

Kwanza, bei ile ya Ilala haikutokana na ujanja wao. Mitumba imebaki nafuu kwa sababu zilizo mbali nasi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ndani ya miaka michache. Marekani ikaanza kuzungumzia kuziondoa katika mpango wa AGOA uliokuwa ukiziruhusu kuuza bidhaa kule bila ushuru, na wengine wakalegeza. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zake. Kwa hiyo fundi wa hapa anashindana na koti lililotengenezwa Italia ambalo mwenye nalo wa kwanza alishalipia. Fundi wetu hawezi kushinda kwa bei. Anaweza kushinda kwa jambo moja, ambalo ni kuutazama mwili wako. Asipoutazama, hana anachokuuzia.

Pili, kijana hakuacha kushonesha. Alibadili mpango. Alianza na suruali moja ya kazini kwa yule mzee, ya kitambaa cha bei ya kawaida, akalipa kidogo kidogo na kujaribu katikati. Ikamkaa. Akafuata na mashati, ambayo mtu wa mikono mirefu hayapati dukani kwa urahisi. Leo nguo zake za kazini karibu zote ni za kushonewa, na ukizigawa bei kwa siku anazozivaa, ni rahisi kuliko zile za dukani alizokuwa anazitupa baada ya kuchanika mapajani. Koti bado hajashona tena. Mzee mwenyewe alimwambia, "Mimi koti jipya sishoni mwanangu, napunguza tu." Amekataa. Mama mdogo alifurahi sana kusikia hilo.

Kama naulizwa, basi, nasema hivi. Suruali, shati, kanzu, gauni la kitenge: kwa nguo hizi fundi wa kawaida aliye makini anatosha, na mara nyingi faida inaonekana tangu nguo ya kwanza. Kanzu inasamehe, maana inateremka wima na haibani popote pakubwa isipokuwa bega na shingo. Kitenge cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya mkasi kukigusa, la sivyo kitarudi baada ya kufuliwa na gauni litabana kwa kosa lisilo la fundi. Suti iwe ya mwisho. Iende kwa fundi ambaye tayari ameshakushonea kitu kidogo ukakiona, na isiende kwake ikiwa na tarehe ya harusi shingoni. Miezi mitatu kabla si mingi.

Na tusijione salama sana. Zile hodi zote, muuzaji aliyekataa nyuzi mbili, mteja aliyepimwa akiwa na simu mfukoni, "hamna shida bosi", mifuko isiyo na majina, malipo yote siku ya kwanza, zilikuwa wazi. Kijana aliziona zote kwa macho. Kila moja aliipa maelezo mazuri, kwa sababu alishajiona mbele za watu amevaa suti ile. Hapo ndipo tunapokwama wengi, mimi nikiwemo: tukishaipenda picha, tunaanza kumsaidia fundi kutudanganya.

Ndugu msomaji, kabla hujaacha kitambaa chako kwa mtu, mwulize mbele ya mashahidi, "Nije lini kujaribu?" Akitaja siku, iandikeni kwenye risiti pamoja na kiasi utakacholipa siku hiyo, kisha nenda. Akikuambia huna haja ya kujaribu, kikunje kitambaa chako, mshukuru, uondoke nacho. Na kama harusi yako iko mwezi huu na bado hujashona, usitafute fundi wa kushona. Tafuta koti linalokukaa mabegani, mpelekee fundi wa kupunguza, na usisahau kubeba viatu.